Siku tano Berlin, na dirisha alilonituma babu wa chumba namba 12

JUMATANO

Nianze na babu maana bila yeye hii safari isingekuwepo. Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee hapa Hannover, huu mwaka wa tatu, na chumba namba 12 yuko babu mmoja wa miaka 87, zamani alikuwa fundi redio, hana mtoto hana mjukuu na simu yake hailii. Usiku mmoja niko zamu akaniuliza kama nimeolewa, nikamwambia niliolewa Tanga nikaachika Tanga, akacheka mpaka akakohoa, akasema afadhali wewe, mimi hata kuachika sikuruhusiwa.

Ndo akaanza kunihadithia. Mwaka 1961, ana miaka 23, polisi wakamkuta na mwenzake ndani ya gari, mwenzake akawahi kukimbia, yeye akabaki anatafuta kiatu. Miezi minne jela. Kosa: kifungu cha 175. Mimi nikajua babu keshachanganya miaka, tunao wengi wa hivyo, maana kichwani kwangu mambo ya Ujerumani kufunga wanaume wanaopendana yalikuwa ya Hitler, na Hitler si alikufa 1945. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma, nikashtukia adhana ya alfajiri kwenye simu. Kumbe kile kifungu ni cha zamani kuliko Hitler, kilianza kutumika 1872, Manazi wakakikaza 1935 hadi mtu akawa anafungwa hata bila kugusana na mwenzake, halafu vita vikaisha na Ujerumani Magharibi ikakibakiza vilevile Manazi walivyokiacha, mpaka 1969. Kufutwa kabisa ni 1994. Mwaka 1994 mimi niko darasa la pili! Waliohukumiwa enzi za Manazi ni kama 50,000, na baada ya vita, kwenye nchi ya amani na uchaguzi na mashine za kufulia, wakahukumiwa karibu 50,000 wengine. Babu wangu ni mmoja wao.

Basi nilivyomwambia likizo naenda Berlin akasema pale Tiergarten kuna dirisha, hajawahi kuliona na magoti yake hayamfikishi tena, nikampigie picha. Dirisha gani sikuelewa. Nikasema haya babu.

Nasafiri na shoga yangu wa Mombasa, anaishi Bremen. Sasa hapo nimeandika "shoga yangu" na najua kuna kijana wa Dar kashakunja uso. Kwetu pwani, kwa wanawake, shoga ni rafiki wa kike, basi, mama yangu ana mashoga saba na wote wana wajukuu. Hilo neno limekwenda mjini likageuzwa tusi la kutupiwa wanaume, likarudi nyumbani na sura nyingine, siku hizi hata bibi zetu wanasitasita kulitamka mbele ya watoto. Sisi wawili tumekataa kulitoa. Tunaitana hivyo ndani ya treni, na kwa sauti.

Treni tulipanda zile za mikoa kwa sababu ya tiketi ya mwezi, unabadilisha Braunschweig, unabadilisha Magdeburg, moja ikachelewa ikatuangusha ile ya mbele, tukakaa kwenye benchi tunakula chapati za baridi na Oktoba yenyewe inauma. Berlin tumeingia jioni. Tukaweka mizigo tukatoka moja kwa moja kwenda Nollendorfplatz, mtaa wa Schöneberg, kwa sababu nilitaka kuanzia pale ilipoanzia raha kabla sijafika kwenye majonzi.

Ila majonzi yanakusubiri stesheni. Kuba la stesheni linawaka taa za rangi za upinde wa mvua, zuri kweli, halafu ukizunguka upande wa kusini ukutani kuna pembetatu ya jiwe la rangi ya waridi, imewekwa 1989, ndogo, watu wanapita na mifuko yao ya shopingi hawaitazami. Pembetatu ya waridi ndo alama waliyoshonewa wanaume hawa kwenye nguo za kambi. Imeandikwa "Totgeschlagen, totgeschwiegen", na mimi na shoga yangu tukasimama pale kama dakika ishirini tunagombania tafsiri. Yeye anasema "waliuawa kwa kipigo, wakauawa kwa kimya". Nikamwambia kimya hakiui kwa Kiswahili, kimya ni heshima, kwetu ukinyamaza umesitiri. Akasema ndo hapohapo penyewe. Mwisho tukakubaliana "wakapigwa wakafa, wakanyamaziwa wakafa tena", haina ule mdundo wa Kijerumani lakini inasikika mtu kaisema.

Kutoka pale ni mwendo mfupi hadi Motzstraße, kona ya Kalckreuthstraße. Hapo ndo palikuwa Eldorado, klabu iliyokuwa inajulikana Ulaya nzima miaka ya mwisho ya 1920, wanaume wamevaa magauni, wanawake wamevaa suti, matajiri na watalii wanakuja kucheza nao dansi na kushangaa. Na msidhani ilikuwa peke yake, Berlin ile ilikuwa na baa za aina hii kwa makumi, na klabu za wanawake watupu, na gazeti la wanawake wanaopenda wanawake liitwalo Die Freundin lililokuwa linauzwa kwenye vibanda vya mtaani kuanzia 1924. Kulikuwa na mwimbaji Claire Waldoff, mfupi mnene, nywele nyekundu, anaimba na tai shingoni kwa Kijerumani cha uswahilini Berlin, na kila mtu anajua anaishi na mwenzake Olga von Roeder, wala haikuwa siri ya kunong'ona. Polisi wenyewe walikuwa wanatoa cheti, yaani karatasi kabisa yenye muhuri, ya kumruhusu mwanamume avae gauni barabarani asikamatwe. Lakini kile kifungu cha 175 kipo palepale wakati wote huo. Hapo ndo nilipochoka, unacheza dansi na jela iko mlango wa pili.

Mwishoni mwa 1932, Hitler hajaingia bado, serikali ikapiga marufuku dansi za watu wa jinsia moja na Eldorado ikafungwa. Kuna picha ya 1933, nyumba ileile, bango la klabu bado liko juu limeandikwa "Hier ist's richtig", yaani hapa ndipo penyewe, na chini yake madirisha yote yamebandikwa swastika. Hawakuhangaika hata kushusha bango.

Leo ni duka la vyakula vya ogani. Tukaingia. Tukanunua mkate na ndizi mbili. Ndizi za bei mbaya, shoga yangu akasema kwa hela hii Mombasa angepewa mkungu na kijana wa kumbebea.

ALHAMISI

Mvua. Tumetembea ufukweni mwa mto Spree, njia inaitwa Magnus-Hirschfeld-Ufer, na pale kuna maua sita makubwa ya chuma, yale ya kala, kila moja rangi yake, yamesimama marefu kuliko mtu. Yamewekwa 2017. Wamechagua kala kwa sababu mmea mmoja unabeba maua ya kiume na ya kike pamoja. Mimi nikaona kwa mbali nikadhani ni taa za barabarani, nisamehewe.

Magnus Hirschfeld ndo mtu wangu wa safari hii. Alikuwa daktari, Myahudi, mnene na mashavu na masharubu, na yeye mwenyewe alikuwa anapenda wanaume. Alipokuwa bado kijana wa kazi, mgonjwa wake mmoja, afisa wa jeshi, alijipiga risasi usiku wa kuamkia harusi yake kwa sababu alikuwa anaozeshwa mwanamke na moyo uko kwingine. Hirschfeld halikumtoka lile. Mwezi Mei 1897, nyumbani kwake Charlottenburg, yeye na wenzake wachache wakaanzisha kamati ya kupigania kifungu cha 175 kifutwe, ndo chama cha kwanza cha namna hiyo duniani. Hebu tuipime hiyo tarehe, 1897, reli ya Uganda imeanza kujengwa juzi tu Mombasa. Mtu akikwambia hili ni jambo la vijana wa tiktok mwambie aende akahesabu upya.

Wakaandika ombi kwa bunge wakakusanya sahihi, miaka mingi, maelfu ya watu, mpaka Einstein kaweka jina lake. Na mmoja wa wale wa mwanzo kabisa kusaini alikuwa mwanasiasa August Bebel, akasimama bungeni Januari 1898 akawaambia wenzake kwamba polisi wakiamua kweli kufanya kazi yao kwenye kifungu hiki basi itabidi zijengwe jela mbili mpya kwa ajili ya Berlin peke yake. Shikeni hilo jina la Bebel, nitalirudia.

Mwaka 1919 Hirschfeld akanunua jumba kubwa hapahapa Tiergarten akafungua taasisi yake. Kliniki, maktaba, makumbusho, sehemu ya ushauri wa ndoa, kuna sanduku unatumbukiza swali bila jina na jioni ya maswali unajibiwa mbele ya watu, maswali ya uzazi wa mpango, ya kaswende, ya usiku wa kwanza. Ndani ya nyumba aliishi na kufanya kazi Dora Richter, aliyezaliwa na mwili wa kiume kwenye familia ya wakulima, akafanya kazi za ndani pale, na akawa mmoja wa watu wa kwanza kabisa wanaojulikana kufanyiwa upasuaji wa kubadilisha maumbile. Miaka yote watu waliamini aliuawa siku taasisi ilipovamiwa. Majuzi tu watafiti wamekuta kumbukumbu zake, kumbe alitoka mzima, aliishi hadi 1966 kwenye mji mdogo wa Bavaria. Hiyo habari niliisoma mara mbili, nikafurahi kama vile ni shangazi yangu.

Uvamizi wenyewe ni tarehe 6 Mei 1933, asubuhi. Waliokuja ni wanafunzi wa chuo. Walikuja na malori na bendi ya tarumbeta, bendi inapiga huku wenzao wanavunja, mchana wakaja wanamgambo wa chama kumalizia. Siku nne baadaye vitabu vikachomwa uwanjani, na kichwa cha sanamu ya Hirschfeld kikabebwa juu ya mti kikatupwa motoni. Yeye alikuwa nje ya nchi, akaja kujiona anavyochomwa kwenye sinema Paris, kwenye taarifa ya habari kabla ya filamu. Hakurudi tena, alikufa Nice 1935 siku ya kuzaliwa kwake, miaka 67.

Kilichonikaa kooni ni neno walilolitumia. Walisema wanachoma vitabu "visivyo vya Kijerumani". Yaani si vya utamaduni wetu! Mtu kazaliwa hapa, kasomea hapa, anaandika Kijerumani, anatibu Wajerumani, na bado ni mambo ya kigeni yameletwa kutuharibia vijana. Nimeikulia hiyo sentensi, naijua hadi pumzi inapokatwa. Na Wafaransa miaka kama ishirini na tano nyuma, kesi za wakubwa wa Kaizari waliodaiwa kupenda wanaume zilipolipuka 1907, walikuwa wanaliita "tabia ya Kijerumani". Kila mtu anamrushia jirani.

Mchana tukaenda Bebelplatz kwenyewe, ule uwanja wa kuchomea. Sikutegemea, nilitafuta mnara, nikatafuta ukuta, hakuna kitu, ni mawe tu na watalii na miavuli. Shoga yangu akakanyaga kioo. Kipo chini sakafuni, kipande cha mraba, ukiinama unaona chumba cheupe chini ya ardhi kina rafu nyeupe kuta zote na rafu hazina kitu. Nafasi ya vitabu 20,000. Imetengenezwa na Micha Ullman, 1995. Kioo kilikuwa na ukungu kwa ajili ya mvua na matope ya viatu, ikabidi nifute na kiganja, na nikifuta napata tundu la kuona kisha linajaa tena. Na uwanja huu baada ya vita ndo wakaupa jina la Bebel, yule wa sahihi. Sijui waliokaa kwenye kamati ya majina kama waliliwaza hilo. Ningependa kuamini ndiyo.

Dirisha la babu tukaliacha la mwisho maana giza linaingia mapema. Liko ukingoni mwa bustani ya Tiergarten, ng'ambo ya barabara kutoka kumbukumbu kubwa ya Wayahudi waliouawa, yale mawe 2,711. Ni kumbukumbu ya waliopenda jinsia yao wakateswa na Manazi, boksi la zege moja, refu kupita mtu, limeinama kidogo kama limechoka. Limesimama pale tangu 2008, kazi ya Michael Elmgreen na Ingar Dragset. Ubavuni kuna kitundu cha dirisha, kidogo, hamuwezi kuchungulia wawili vizuri, lazima mmoja amuachie mwenzake, na ukichungulia ndani mnacheza filamu: watu wawili wanabusiana. Basi. Inaisha inaanza. Filamu yenyewe wameshaibadilisha zaidi ya mara moja, kwa sababu mwanzoni walikuwa wanaume tu na wanawake wakauliza sisi tuko wapi.

Kulirekodi kwa simu ni kazi. Ukisogea, pua inagusa kioo, ukirudi nyuma unajirekodi mwenyewe na kitambaa chako kichwani. Nilijaribu mara sita. Iliyotoka nzuri kuliko zote ina robo ya paji langu la uso.

IJUMAA

Sachsenhausen. S-Bahn namba 1 hadi mwisho wa reli, Oranienburg, halafu unatembea katikati ya nyumba za watu, bustani zina bembea, mtu anachoma majani. Shoga yangu hakusema kitu njia nzima na yeye ni mtu wa maneno.

Sitaandika mengi. Kambi hii ya mateso ya Manazi ilifunguliwa 1936, wakapita zaidi ya watu 200,000. Wenye pembetatu ya waridi walikuwa daraja la chini kabisa, hata wafungwa wenzao walikuwa wanawaogopa kuwasogelea. Kuna njia imezunguka uwanja wa gwaride, vipande vya kokoto, zege, mchanga, hapo wafungwa walikuwa wanatembezwa kutwa kujaribu soli za viatu vya viwanda, hadi kilomita 40 kwa siku, na waridi walikuwa wanapelekwa sana huko. Nimetembea mzunguko mmoja na buti zangu nzuri, miguu ikaniuma. Kiwanda cha matofali cha jirani, miezi ya kiangazi 1942, waliuawa humo karibu wanaume 200 wa waridi kwa mpango maalumu. Ukutani kwenye ua wa jela ya ndani kuna kibao chao, na maneno ni yaleyale ya Nollendorfplatz. Safari hii hatukugombania tafsiri.

Wanawake kifungu cha 175 hakikuwataja. Isiwadanganye hiyo. Kulikuwa na kondakta wa tramu wa hapa Berlin, Elli Smula, 1940 alikamatwa, kwenye orodha ya kuingizwa kambi ya wanawake ya Ravensbrück wakamwandika ni wa siasa na pembeni wakaongeza neno moja, "lesbisch", yaani anapenda wanawake. Alikufa humo 1943. Walikuwa wanatafuta mlango mwingine tu wa kukuingizia. Kwenye kumbukumbu ya Ravensbrück kuweka kitu kidogo kwa ajili ya wanawake hawa kumechukua miaka ya kuvutana, tufe la udongo limewekwa 2022.

Halafu kuna mtu wetu. Sachsenhausen hiihii alifia mzaliwa wa Dar es Salaam, mwalimu wa Kiswahili, Bayume Mohamed Husen. Askari mtoto wa vita vya kwanza, mwana wa askari, alikuja Berlin 1929 kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake ambao Mjerumani hakulipa, hawakumlipa, akabaki. Akawa weita, akawa anacheza vipande vya Mwafrika kwenye filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Hakuwa wa pembetatu ya waridi, alikamatwa 1941 kwa kosa la kupenda mwanamke wa Kijerumani. Alikufa tarehe 24 Novemba 1944. Nasimama pale kwenye upepo nikawaza ni serikali ileile iliyokuwa na kalamu ya kuandika nani alale na nani, na karatasi moja imemfikia mwalimu wa Kiswahili na fundi redio.

JUMAMOSI

Tumeamka tumechoka roho. Shoga yangu akasema leo asione kaburi, aone watu hai. Tukaenda Schwules Museum, Lützowstraße, inafunguliwa mchana kwahiyo tukapata muda wa kulala.

Napenda ilivyoanza. Mapema miaka ya 1980 kulikuwa na vijana wanafanya kazi ya ulinzi wa kumbi kwenye makumbusho moja ya jiji, wale wa kukaa kwenye kiti na kukwambia usiguse. Wakaenda kwa mkuu wao wakasema tuna wazo la maonyesho, historia ya wanaume na wanawake wa Berlin waliopenda jinsia yao, akawakubalia. Yakafanyika 1984 wakayaita Eldorado, yakajaa watu, mwaka uliofuata wakafungua makumbusho yao. Walinzi! Mimi ninayefuta sakafu na kugeuza wagonjwa hiyo habari imeniingia vizuri.

Ndani vitu vinabadilikabadilika, sitawapitisha ukuta kwa ukuta. Kilichonishika ni habari ya sanduku. Mpenzi wa mwisho wa Hirschfeld alikuwa kijana wa Kichina, Li Shiu Tong, walikutana Shanghai, akazunguka naye dunia, akarithi makaratasi yake yaliyobaki. Akayabeba nchi kwa nchi miaka yote mpaka akafia Vancouver, Kanada, 1993. Baada ya kufa masanduku yakatupwa kwenye takataka za jengo, jirani akaona akayaokota akayaweka, hajui hata ni ya nani. Baadaye yakarudi Berlin. Taasisi nzima imechomwa na bendi ya tarumbeta, kilichopona kimepita pembeni ya pipa la taka.

Tukiwa tunakunywa chai nikamhadithia shoga yangu kitu nilichosoma kabla ya safari. Mwaka 1899 hapahapa Berlin, kwenye jarida la wataalamu wa makabila, zilichapishwa kurasa chache kuhusu Zanzibar, habari alizokusanya Oscar Baumann, Mwaustria, ndo yuleyule aliyetiwa pingu na watu wa Bushiri 1888 pamoja na Hans Meyer wa Kilimanjaro. Kaandika Unguja kuna wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake, na kaandika na neno la Kiswahili wanaloitwa, "mke-si-mume". Maoni yake mwenyewe yana harufu ya mkoloni, siyabebi. Ila mnajua alisema wamejifunza kwa nani? Kwa Waarabu. Shoga yangu akacheka chai ikampalia. Yaani Mzungu wa 1899 anasema kaleta Mwarabu, sisi tunasema kaleta Mzungu, Mnazi anasema kaleta Myahudi, Mfaransa anasema kaleta Mjerumani, hakuna aliyewahi kusimama akasema huyu ni wa kwangu, kazaliwa chumba cha nyuma.

Kilicholetwa na karatasi zake tunazo ni sheria. Kifungu cha 162 Kenya na 154 Tanzania bara viliandikwa na Mwingereza, naye kwao England na Wales alianza kuilegeza 1967. Kenya watu walikwenda mahakama kuu, Mei 2019 wakakataliwa. Babu wa chumba namba 12 angeielewa hiyo vizuri.

Jioni tukatembea Kreuzberg kando ya mto, May-Ayim-Ufer. Zamani njia iliitwa jina la mtu aliyejenga ngome ya watumwa Ghana, 2010 wakampa mshairi May Ayim, Mjerumani mwenye baba Mghana. Yeye na wenzake walipata nguvu ya kuandika kutoka kwa Audre Lorde, mshairi Mmarekani mweusi, msagaji kwa kinywa chake mwenyewe popote aliposimama, aliyekuja kufundisha Freie Universität 1984 akawauliza wanawake weusi wa Ujerumani mbona hamjuani. Kitabu chao kikatoka 1986. Siku hizi kipande cha barabara Kreuzberg kina jina la Lorde. Hapo niliandika "msagaji" nikafuta nikaandika tena. Neno letu lenyewe lina jiwe ndani yake, lakini sina jingine analolijua mama yangu.

JUMAPILI

Anklamer Straße, kwenye ua wa majengo ya ushirika wa wanawake, kuna Spinnboden, hifadhi ya historia ya wanawake wanaopenda wanawake, wanakusanya tangu 1973. Jumapili imefungwa, nilijua, nilitaka tu kuona kengele ya mlango. Tukaiona.

Kutoka pale unashuka Brunnenstraße hadi namba 193. Tulitembea macho chini kama tumeangusha hela. Kijiwe cha shaba, sentimita 10 kwa 10, mbele ya mlango alioishi Husen, kimewekwa 2007. Kimepauka, kimekanyagwa. Shoga yangu akatoa kitambaa cha karatasi na ile krimu ya mikono aliyonayo kwenye pochi, akachuchumaa, akasugua. Mama mmoja na mbwa akapita pembeni akatuambia dawa ya meno ndo inang'arisha. Hatukuwa na dawa ya meno. Akasoma Fatiha, mimi nikaitikia amin, tukaenda stesheni.

JUMATATU, KAZINI

Nilisubiri amalize kifungua kinywa. Nikakaa kitandani nikampa simu. Picha ya Eldorado aliuliza tu bei ya mkate. Picha ya kijiwe akauliza huyu nani, nikamwambia mwalimu wa Kiswahili, akakitazama muda.

Tangu 2017 serikali imefuta hukumu zile na kuna fidia, 3,000 euro kwa hukumu na 1,500 kwa kila mwaka wa jela ulioanza. Yeye hajaomba. Niliwahi kumuuliza kwa nini, akasema fomu inataka jina lake na karibu yake ile namba, na hizo mbili hataki ziandikwe tena ukurasa mmoja.

Halafu nikamuwekea video ya dirisha. Akavaa miwani. Ikaisha, akasema rudia. Ikaisha, rudia. Mara ya tatu akanirudishia simu.

"Na hiki hapa chini ni nini?"

"Paji la uso wangu, babu."

"Nilidhani ni wingu." Akavua miwani akaifuta na shuka. "Hawajui kubusu hawa," akasema, akauliza leo mchana supu au viazi.